Sensa za upepo kwenye malori zina faida, ila anza na trela

Swali la kama mfumo wa kufuatilia upepo wa matairi, ule tunaouita TPMS, unalipa kwenye malori na matrela linaulizwa kila siku, na majibu mengi yanatoka kwa mtu anayeuza au kwa mtu aliyeuziwa kitu kibovu akachukia moja kwa moja. Mimi msimamo wangu nauweka hapa mwanzoni: unalipa, na unalipa zaidi kwenye trela kuliko kwenye hosi, yani kile kichwa cha lori kinachovuta. Tatizo ni kwamba wengi wanafanya kinyume, wanafunga kwenye hosi kwanza kwa sababu ndiyo yenye injini na ndiyo yenye dereva na skrini, halafu trela wanasema tutaliangalia baadaye, na hapo ndipo hela inapopotelea.

Fikiria matairi yanavyokufa. Tairi la mbele likianza kuishiwa upepo stelingi inavuta upande mmoja, dereva anasikia mikononi kabla hata hajaangalia chochote. Ya kuvuta pale nyuma ya kabini nayo anaweza kuyahisi kidogo, gari linakuwa zito au linayumba. Sasa tairi la trela, lile la ekseli ya mwisho upande wa ndani, linaweza kuisha upepo, likachemka, likaanza kuachia vipande na dereva yuko mbele anaendesha hana habari mpaka mwenzake ampigie taa au aone moshi kwenye kioo, na wakati huo tairi halipo tena, na mara nyingi la jirani yake nalo limeshaumia. Na matairi yenyewe tunajua yanavyopangwa, mapya yanakaa mbele, yakichoka kidogo yanarudi kwenye kuvuta, yakichoka zaidi au yakishavishwa mpira upya yanaishia kwenye trela. Yani tairi lenye historia ndefu kuliko yote ndilo linakaa sehemu ambayo hakuna mtu anayelisikia.

Halafu kuna hili la umiliki. Hosi ina dereva wake, anaijua, anaionea wivu. Trela leo linavutwa na huyu, keshokutwa na yule, wiki inayofuata limeegeshwa uwanjani hakuna anayeligusa, likija kuchukuliwa dereva ana haraka ya mzigo, anaunganisha mabomba ya hewa na waya za taa, anapiga nyundo matairi mawili matatu anaondoka. Likiharibika njiani kila mtu ana jibu, mimi nimelikuta hivyo. Na kila mmoja anasema kweli.

Tuongee hesabu kidogo maana bila hesabu huu mjadala unakuwa wa hisia tu. Chukua tairi la 315/80R22.5 lenye alama 156/150, ni saizi ya kawaida sana kwenye malori. Hiyo 156 maana yake likifungwa peke yake linabeba mpaka kilo 4,000, na 150 maana yake likifungwa pacha kila moja linabeba kilo 3,350. Ekseli ya tani 10 yenye matairi manne kila tairi linabeba kilo 2,500, kila kitu shwari, kuna nafasi ya kutosha. Sasa moja la ndani likaisha upepo kwa sababu ya msumari. Lile la nje lililobaki linabeba karibu kilo 5,000 peke yake, tani nzima juu ya kiwango chake cha juu kabisa, tena kwa spidi ileile, na dereva akitazama kwenye kioo anaona tairi limesimama vizuri kabisa kwa sababu hilo la nje ndilo linaloonekana. Ndiyo maana pacha ikifa mara nyingi unapoteza mawili.

Na halihitaji kuisha kabisa. Watu wengi wanadhani tairi lina hali mbili tu, lina upepo au lina pancha, wakati uharibifu mkubwa unafanyika pale katikati. Tairi lenye upepo pungufu ukuta wake unapinda zaidi kila linapozunguka, na tairi la lori linazunguka mara 300 hivi kwa kila kilomita moja, kwa hiyo zile nyaya za chuma ndani ya ukuta zinakunjwa na kukunjuliwa kama mtu anayevunja waya kwa mikono, na joto linapanda mpaka mpira unaanza kuachana na nyaya. Ukilivua tairi lililotembea hivyo ukatazama ndani utakuta unga mweusi wa mpira uliosagika umelala chini, na ukutani kuna mstari uliochakaa unaozunguka tairi zima, ukipitisha kidole unasikia pamekuwa laini. Kwa nje linaweza kuwa bado linang'aa na kashata zake, yale matuta ya mpira yanayokanyaga barabara, zimesimama. Tairi la hivyo halifai tena kuvishwa mpira mpya, na hapo ndipo faida kubwa ya sensa ilipo kwa maoni yangu, kwenye kuokoa kiunzi cha tairi, yani mwili wake wa ndani unaobaki mpira wa kukanyagia ukiisha, maana kiunzi kizima kinaweza kuvishwa tena mara moja au mbili na kilichopikwa ni takataka.

Kuna jambo hapa linanigusa kuliko hela. Kanuni inayofuatwa na mafundi wa matairi makubwa ni kwamba tairi likitembea huku upepo wake umeshuka kwa asilimia 20 au zaidi chini ya kiwango linahesabiwa kuwa limetembea bila upepo, lazima livuliwe likaguliwe kabla ya kujazwa tena. Sababu yake ni kwamba nyaya za ukutani zikishachoka, siku fundi anapolijaza ukuta unaweza kufunguka ghafla mstari mzima, moja baada ya nyingine, na psi (kipimo cha presha ya upepo) zaidi ya 100 zikitoka kwa mkupuo huo zinaua mtu aliyechuchumaa pembeni. Fundi anayeletewa tairi na kuambiwa "jaza tu limepungua kidogo" hana namna ya kujua limetembea kilomita ngapi likiwa na psi 60. Mfumo wenye kumbukumbu unajua. Unaweza kumwambia fundi kabla hajashika mpira wa kompresa kwamba hili lilishuka mpaka 60 na likakaa hivyo saa mbili barabarani, kwa hiyo livue kwanza, kagua, na ukilijaza ujazie ndani ya kizimba cha chuma. Sijawahi kuona tangazo la TPMS linaloongelea hili na linanishangaza, maana kwangu hiyo pekee inatosha kuwa sababu ya kununua.

Watu watasema nyundo na geji zinatosha. Nyundo inakwambia kitu kimoja tu, kama tairi limekufa au liko hai. Tairi la psi 105 na la psi 80 ukiyapiga yote yanadunda, hata dereva wa miaka mingi hawezi kukutofautishia, na 80 kwa tairi linalotakiwa 105 tayari liko kwenye ile hali ya kuvuliwa. Geji ndiyo kipimo cha kweli na hata ukiwa na sensa lazima uwe na geji nzuri ya kuhakikishia. Ila tuseme ukweli jamani, lori na trela lake lina matairi 18 au 22, nusu karibu valvu zake ziko ndani unapenyeza mkono katikati ya matope na grisi, vifuniko vingine vimeganda, vingine havipo, kazi ikifanywa sawasawa inakula nusu saa au zaidi na inatakiwa ifanyike tairi likiwa baridi, alfajiri kabla ya kuondoka, wakati ambao kila mtu anamharakisha dereva. Matokeo yake kazi hiyo haifanyiki. Marekani, FMCSA, ambayo ndiyo mamlaka ya usalama wa malori kule, ilitoa utafiti mwaka 2003 uliopima matairi ya magari ya biashara, ni asilimia 44 tu hivi yaliyokuwa ndani ya psi 5 ya kiwango kilichowekwa, na kama asilimia 7 yalikuwa chini kwa psi 20 au zaidi. Asilimia 7 kwenye gari la matairi 18 ni zaidi ya tairi moja kwa kila gari.

Kuna kosa lingine la geji na hata la sensa za bei rahisi ambalo ni lazima ulielewe kabla hujanunua. Upepo ukipata joto presha inapanda. Tairi la psi 100 likiwa baridi kwenye nyuzi 20, likitembea mpaka hewa yake ya ndani ikafika nyuzi 60 litasoma karibu psi 115, na hiyo ni hali ya kawaida kabisa, usilipunguze. Sasa tairi linalovuja, ambalo likiwa baridi lina psi 87 tu, likipata joto hilohilo litasoma psi 100. Dereva anaangalia skrini anaona 100, anasema poa, kumbe tairi limepungukiwa asilimia 13 na linaendelea kuvuja. Mfumo mzuri unasoma presha na joto kwa pamoja halafu unapiga hesabu kwamba kwa joto hili ulitakiwa uwe 115 na uko 100, kwa hiyo kuna kuvuja. Mfumo unaosubiri namba ishuke chini ya mstari fulani ndiyo upige kelele utakupigia kesho alfajiri tairi likishapoa, yani baada ya kulitembeza safari nzima likiwa pungufu. Ukienda kununua uliza hilo swali la kwanza kabisa, na muuzaji akibabaika ondoka.

Mafuta nitayapitia haraka kwa sababu wauzaji wanaanzia hapo na mimi naona ni faida ya pembeni. Matairi pungufu yanakula dizeli, hilo halina ubishi. Utafiti wa barabarani wa FMCSA uliotoka 2014, kwenye kampuni za malori zilizofungwa mifumo ya kufuatilia na ya kujaza upepo, ulipata akiba ya mafuta ya asilimia 1.4. Kwa mwenye magari mengi yanayotembea kila siku hiyo ni hela ya maana, kwa mwenye magari mawili ni kitu ambacho hata hutakiona kwenye vitabu vyako maana mguu wa dereva peke yake unaweza kula zaidi ya hapo. Ukishawishiwa kununua kwa sababu ya mafuta tu nakuhakikishia baada ya miezi sita utasema umeibiwa.

Kwenye sheria nako kuna somo. Marekani walipitisha sheria mwaka 2000 baada ya kashfa ya matairi ya Firestone kwenye Ford Explorer, na TPMS ikawa lazima kwenye magari mapya, ila ni magari yasiyozidi kilo 4,536, malori makubwa hayakuguswa. Umoja wa Ulaya ulianza na magari madogo vilevile lakini kanuni yao mpya imeenda mbali, kuanzia Julai 2022 kwa aina mpya za magari na Julai 2024 kwa magari yote mapya, malori, mabasi na matrela mazito yote yanatakiwa kuwa na mfumo huu. Wameliweka trela ndani ya sheria, na ni sawa kabisa, kwa sababu hosi kuonya na trela kukaa kimya ni kazi nusu.

Sasa aina zenyewe. Kuna sensa za kufungia nje kwenye valvu kama kifuniko, na kuna za ndani, ama zimekaa kwenye mguu wa valvu ama zimefungwa kwa mkanda kwenye rimu. Za nje ndizo zinazopendwa kwa sababu unazifunga mwenyewe bila kuvua tairi, ila zina ugonjwa wake na mimi sizipendi kwenye trela: ili isome presha lazima iiache valvu wazi, kwa hiyo mpira wake ukichoka sensa yenyewe ndiyo inakuwa mvujo, na ukiifunga kwenye ile bomba ya kurefusha valvu ya tairi la ndani uzito wake unatikisika kila siku mpaka bomba inapasuka shingoni. Na zinaibiwa, zipo nje mtu yeyote anafungua. Za ndani zinakaa salama, zinapima joto vizuri zaidi, ila betri yake ikiisha baada ya miaka mitano mpaka saba huibadilishi, unatupa sensa nzima, na adui yake mkubwa ni fundi asiyejua kama ipo, anaingiza chuma kuvua tairi anaivunja vipande. Weka alama kwenye rimu, rangi au stika, chochote, karibu na valvu.

Kwenye trela kuna shida ya ziada ambayo kwenye hosi haipo, nayo ni mawasiliano. Sensa inatuma kwa redio yenye nguvu ndogo sana, kutoka ekseli ya mwisho mpaka kabini ni mbali na katikati kuna vyuma vitupu, kwa hiyo bila kifaa cha kupokea na kurusha tena kilichofungwa chini ya trela utakuwa unapata taarifa zinazokatika. Na hosi ikibadilisha trela, skrini lazima ijue kwamba sasa inasoma matairi ya trela jingine, la sivyo inatafuta sensa zilizoachwa uwanjani na inapiga kelele mpaka dereva anachomoa waya. Mifumo mingi mizuri inakufa namna hiyo, kwa kuchomolewa. Kwa mtu anayebadilisha matrela mara kwa mara naona njia ya maana ni trela liwe na kipokezi chake lenyewe na taa yake pembeni inayoonekana kwenye kioo, au litume taarifa ofisini kwa laini ya simu likiwa na betri yake, ili hata likiwa limeegeshwa wiki tatu mtu ajue kabla halijaunganishwa kwamba tairi la tatu kushoto limeshuka. Hiyo ya mwisho ndiyo naiona bora kuliko zote.

Kuna mfumo mwingine unaojaza wenyewe, unachukua hewa ya tanki la trela unaipitisha ndani ya ekseli mpaka kwenye habu, yani kitovu cha gurudumu, na kuingia kwenye tairi. Wazo lenyewe si la juzi, malori ya jeshi la Marekani ya DUKW yanayotembea majini na nchi kavu wakati wa vita kuu ya pili yalishakuwa na namna ya kubadilisha upepo dereva akiwa kwenye kiti. Kwenye trela inafungika kirahisi kwa sababu ekseli yake haina shafti ndani. Ni kitu kizuri sana, tairi lenye msumari linaendelea kujazwa na unafika. Wasiwasi wangu ni pale taa yake inapowaka na hakuna anayejali, mfumo unaendelea kulisha kidonda siku hadi siku mpaka tundu linakuwa kubwa kuliko hewa inayoingia, halafu tairi linaondoka kwa mkupuo. Mifumo mingi ya hivyo haikwambii ni tairi gani. Ningesema hivi: matrela yanayokwenda sehemu zisizo na fundi kwa mamia ya kilomita yapewe ya kujaza, matrela yanayorudi uwanjani kila baada ya siku chache yapewe sensa, na mwenye uwezo aweke vyote.

Lakini yote haya hayana maana kama hujaamua nani anapokea alamu na anafanya nini. Nasema hili kwa mkazo kwa sababu ndipo makampuni yanapoharibu. Dereva anapata onyo saa nane usiku kwamba tairi limeshuka asilimia 15, akisimama anachelewa, akichelewa anakatwa hela, kwa hiyo anaendelea, na tairi likipasuka anaulizwa kwa nini hukusimama wakati mfumo ulikuonya. Huo ni uonevu. Kama unafunga TPMS funga pamoja na maagizo yanayoeleweka, kwamba onyo la kwanza unapunguza spidi na unapima kwenye kituo kinachofuata, onyo jekundu au joto linalopanda unasimama sehemu salama na hakuna atakayekukata hata senti. Na onyo liende kwa msimamizi pia ili asije akasema hakujua. Asubuhi za baridi nazo zinasumbua, matairi yote yanashuka kidogo na mfumo unalalamika, mfundishe dereva tofauti: yakishuka yote kwa kiasi kimoja ni hali ya hewa au kiwango kimewekwa vibaya, likishuka moja peke yake kuna tundu.

Halafu lile joto, watu wanalipuuza lakini ni zawadi. Matairi ya ekseli moja yanatakiwa yakaribiane joto. Ukiona upande mmoja uko juu kwa mbali kuliko wenzake na presha iko sawa, angalia breki inayobana au beringi inayoanza kufa, kwa sababu moto mwingi wa matrela unaanzia hapo. Usiitegemee kama kengele ya beringi maana inasoma hewa ya ndani ya tairi na inachelewa, ila inakupa dalili ambayo bila hiyo usingekuwa nayo kabisa.

Sensa ina mipaka yake: haioni mkato ukutani, haioni kashata zilizokwisha, haijui kama ekseli imepinda au mzigo umezidi, na jiwe lenye ncha likipasua tairi kwa sekunde moja itakwambia baada ya wewe kusikia mlio. Kwa hiyo kuzunguka gari kunabaki palepale.

Mwenye lori moja analoendesha mwenyewe na trela lilelile kila siku, na kweli anapima kwa geji kila wiki, huyo anaweza kusubiri. Wengine wote, hasa wenye matrela mengi kuliko hosi, ningewaambia wafunge matrela matatu manne kwanza, yale yanayosumbua zaidi, waandike kila tairi lililookolewa na kila lililokufa, halafu ndiyo waamue mengine. Na siku ya kununua usichukue idadi kamili ya matairi, ongeza sensa chache za akiba pamoja na kifaa cha kuzisajilia kwenye mfumo, kwa sababu ya kwanza itavunjwa na fundi ndani ya miezi michache na mkisubiri nyingine iagizwe, dereva atazoea kuona ile alama ya kosa kwenye skrini na hataiangalia tena.